Waliobaki Chini ya Bwawa la Kiwanda

Bwawa lilitengenezwa kabla sijazaliwa, kwa ajili ya kiwanda cha nguo, pembezoni mwa mji wa Morogoro, pale ambapo kijito kinachoshuka kutoka Uluguru kinaingia kwenye tambarare. Kijito kilizibwa kwa tuta refu la udongo, maji yakajaa nyuma yake, na pampu ikawa inayapeleka kiwandani kwenye idara ya kupaka rangi. Maji machafu yalitokea upande wa pili kwa mfereji. Sisi watoto tulijua kiwanda kinatengeneza nini kwa kuutazama mfereji tu. Ukiwa wa buluu, tulijua wiki hiyo ni vitenge vya buluu. Ukiwa mwekundu, mama alitukataza kabisa kuusogelea, kana kwamba wekundu ulikuwa na madhara kuliko rangi nyingine.

Baba yangu alikuwa mwendesha pampu. Alitoka Gairo akiwa kijana, akafuata ajira kama wengine waliotoka kila mkoa. Wenzake walikaa kwenye kota za kiwanda. Sisi tulipewa nyumba ya vyumba viwili karibu kabisa na tuta, kwa sababu pampu haikutakiwa kuachwa peke yake. Nimekua nikisikia mngurumo wake mchana na usiku, na hata leo nyumba ikiwa kimya sana sipati usingizi mzuri.

Kila mwaka, kiangazi kikielekea ukingoni, kiwanda kilisimama siku chache mashine zifanyiwe matengenezo. Ndipo baba alipofungua lango la maji na kulikausha bwawa. Wanaume waliingia na machepe kutoa tope, na watoto wote wa kota walikuja na vikapu kukamata kambale na perege waliobaki wakitapatapa. Kwetu hiyo ilikuwa sikukuu.

Nilikuwa darasa la tatu siku moja ya namna hiyo alipotokea mwanamke mmoja kwenye njia ya tuta. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kanga kifuani, na kichwani ana kikapu cha mdalasini na pilipili manga. Mlinzi akamzuia.

"Mama, hapa ni eneo la kiwanda. Biashara zipeleke Mwembesongo."

"Sikuja kuuza."

"Umefuata nini?"

"Nimemfuata mama yangu. Yumo humo." Akanyoosha kidole kwenye bwawa.

Mlinzi alidhani kuna mtu amezama. Akapuliza filimbi, kazi ikasimama, watu wakaanza kuhesabiana. Baba akapanda tutani mbio, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo, mama," alisema akihema. "Amezama saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hajazama. Alikuwa humo kabla ya maji."

Baba akamkaribisha kwetu, mama akampa maji ya kunywa, naye akaeleza. Bonde lile lote lilikuwa la ukoo wao, ukoo wa upande wa mama, maana kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo lililokuzaa. Walilima magimbi na migomba kandokando ya kijito, na wafu wao waliwazika papo hapo. Ujenzi ulipokuja waliambiwa wahame, na kwamba makaburi yatahamishwa baada ya mavuno. Mengi yalihamishwa. Lakini mwaka ule mvua iliwahi. Kijito kilifurika, tuta jipya likazuia maji, na kulipokucha makaburi yaliyosalia yalikuwa chini ya maji. La mama yake lilikuwa mojawapo.

"Hakuna aliyekusudia," alisema. Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo mara nyingi moyoni. "Mvua iliwahi tu."

Ukoo ulihamia upande wa Kinole, akaolewa huko, akazaa huko. Miaka yote alikuwa akisikia kwamba bwawa hukaushwa mara moja kwa mwaka, na mwaka ule aliamua kuja.

Baba hakwenda kuomba ruhusa kwa mtu. Alimshika mkono akamshusha. Mwanamke yule alisimama kwanza juu ya tuta, akaukabili mlima, akasogea kulia, akarudi kushoto kidogo, mpaka mwamba mweupe ulioko juu mlimani ukaonekana katikati kabisa ya pengo la vilima viwili. Hapo akashuka, akahesabu hatua thelathini kuelekea mlimani, akazama kwenye tope hadi juu ya vifundo, akapiga magoti. Akamwaga unga kidogo. Akaongea Kiluguru kwa muda mrefu. Baba ni Mkaguru, alidai alikuwa akishika neno moja moja. Mimi sikuelewa chochote, nilikuwa na kambale wawili kwenye kikapu na nilijisikia aibu jinsi walivyokuwa wakirukaruka.

Alipoondoka, baba alibaki amesimama pale. Kesho yake maji yangerudi. Akaenda stoo, akachukua bomba la chuma, akalikita pale alipopiga magoti yule mama, akalizungushia mawe na saruji chini, kisha akalichora mistari myeupe na namba kuanzia chini hadi juu. Siku ya tatu injinia alipopita kukagua akauliza ni kitu gani.

"Kipimo cha maji, mzee."

"Safi sana," injinia alisema. "Kwa nini hatukuwa nacho siku zote?"

Tangu hapo, kila asubuhi baba alisimama kwenye tuta, akakisoma kile kipimo, akaandika kina cha maji kwenye daftari la pampu. Mimi alinikalisha akaniambia, "Ukiulizwa na mtu, hicho ni kipimo. Na wala si uongo, kwa sababu kinapima."

Yule mama alikuja kila mwaka wakati wa kukausha. Tulimwita bibi wa Kinole. Alituletea nanasi, ndizi, na vijiti vya mdalasini ambavyo mama alivitia kwenye chai mpaka vikaisha ladha. Alikaa nasi mchana mmoja, akashuka bwawani na baba, akarudi, akala, akaondoka. Kuna mwaka walikaa bwawani muda mrefu kuliko kawaida. Nilikuwa nimekua kidogo, nikatumwa kuwaita chakula. Niliwakuta wamekaa juu ya jiwe, yeye anaongea kwa sauti ya chini, baba ameinamisha kichwa. Waliponiona wakanyamaza. Sikuuliza, na enzi zetu mtoto hakuulizwa wala hakuuliza.

Kiwanda kilifungwa nikiwa chuo cha ualimu. Niliporudi likizo king'ora cha zamu hakikulia tena, na mfereji ulikuwa umekauka, umebaki na ukoko wa rangi pembeni. Wafanyakazi walitawanyika, wengine wakarudi makwao, wengine wakaanza bustani za mchicha kando ya kijito. Baba hakuambiwa aondoke wala abaki. Pampu ilichukuliwa, yeye akabaki. Kila masika alitoa magugu na matawi yaliyoziba njia ya maji ya ziada, kwa sababu tuta likikatika nyumba zilizojengwa chini yake zingezolewa. Watu walimcheka, wakamwita meneja wa vyura. Mama aliwahi kumwambia, "Baba watoto, unamfanyia kazi nani?" Akajibu kwamba maji hayajui kiwanda kimefungwa.

Halafu wakaja watu wa chuma chakavu. Walianza na mabati ya nyumba ya pampu, wakafuata vyuma vya kufungulia lango la maji, na kiangazi kimoja, maji yalipopungua sana, waliingia wakalikata lile bomba. Nilikuwa nimepata kazi shule ya msingi hapa hapa mjini. Nilifika nikamkuta baba amekaa kizingitini, mikono imeanguka kati ya magoti. Sijawahi kumwona vile, hata siku alipomzika mama.

"Nitamwambia nini?" aliniuliza.

Bibi wa Kinole alipofika mwaka ule alikuwa tayari anatembea na fimbo. Baba alimweleza akiwa hamtazami usoni. Yule bibi akasimama tutani, akauelekea mlima.

"Usiumie, mwanangu," akasema. "Bomba wameliiba. Mlima hawakuuiba."

Alikuja miaka mingine michache, akawa anasimama tu juu ya tuta na kuongea kutokea pale, kwa sababu hapakuwa tena na njia ya kukausha maji. Kisha hakuja. Mwaka wa pili wa kutokuja kwake baba alipanda gari la matunda hadi Kinole kumuulizia. Akaonyeshwa kaburi, udongo wake bado umeinuka. Alikutana na binti yake, mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi na tatu, akampa namba yangu ya simu, akarudi.

Baba alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia ulilala na maneno yakaisha. Alielewa kila kitu, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa sauti moja tu, kama ya mtu anayekohoa. Nikamhamishia kwangu. Mwaka jana, nikitoka shuleni, nikapita ofisi ya serikali ya mtaa kwa shida nyingine kabisa, nikakuta tangazo ubaoni. Eneo la kiwanda cha zamani limepata mmiliki mpya. Bwawa litafukiwa, patajengwa maghala. Mwenye madai au makaburi ajitokeze.

Niliingia kwa mtendaji. Alikuwa kijana mwenye adabu, mtoto wa mwanafunzi wangu wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bwawani kuna kaburi."

Alitabasamu kwanza, kisha akaona sitanii. "Mwalimu, mle si kuna kambale tu?"

Nikamsimulia. Aliandika, akasema atahitaji mtu wa ukoo na mtu wa kuonyesha mahali. Nilimpigia simu binti wa bibi wa Kinole siku hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, nakuja," na kesho yake saa nne asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na wanaume wawili wa ukoo wao.

Maji yalikuwa yamekwishatolewa kwa mashine. Msimamizi wa ujenzi alitusikiliza vizuri. Alisema anaweza kulisogeza katapila likaanze upande mwingine, ila atatupa siku mbili. Afisa afya akaja, kama sheria inavyotaka. Wote wakanitazama mimi, maana ndiye niliyesema najua.

Nilipanda kwenye tuta. Nilifanya kama nilivyomwona bibi akifanya, nikasogea kulia, nikarudi kushoto. Miti ilikuwa imekua, ikabidi kijana mmoja apande kukata matawi ndipo mwamba mweupe uonekane katikati ya pengo. Nikashuka. Nikahesabu thelathini. Nikasema, "Hapa."

Walichimba tangu saa sita hadi jua linaanza kuinama. Walitoa tope, kisha udongo wa kijivu, kisha udongo mwekundu mgumu ambao hata mimi nisiyejua kuchimba niliona haujawahi kuguswa na mtu. Wakapanua kulia. Wakapanua kushoto. Hapakuwa na kitu. Binti wa bibi hakunilaumu. Alisema, "Pengine maji yamemchukua," na hilo liliniuma kuliko lawama.

Jioni nilimlisha baba uji huku nikimweleza, kama nilivyozoea kumweleza mambo ya siku. Nilipofika kwenye hatua thelathini aliusukuma mkono wangu, uji ukamwagika. Akatoa ile sauti yake. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni.

"Unataka kwenda?"

Akafumba macho mara moja. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Asubuhi tulimpakia kwenye bajaji, na tulipofika wale wanaume wa Kinole walimbeba akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, wakamweka juu ya tuta. Alitazama chini, akatikisa kichwa. Akawaonyesha kwa fimbo yake washuke. Walishuka naye mpaka kwenye shimo la jana. Akatikisa kichwa tena, akanyoosha fimbo mbele, kuelekea mlimani. Walipokuwa wakitembea naye hatua kwa hatua ndipo nikakumbuka. Nilipokuwa shule ya bweni, kiwanda kilipanua bwawa. Tuta la zamani lilivunjwa na jipya likajengwa nyuma zaidi, mbali na mlima. Baba mwenyewe alikuwa kwenye kazi ile. Mimi nilikuwa nimehesabu sawasawa, lakini kutoka kwenye tuta lisilo lenyewe.

Hatua kama ishirini kutoka kwenye shimo langu aliwasimamisha. Akapiga fimbo chini mara mbili.

Safari hii udongo ulikuwa tofauti tangu mwanzo, laini na mweusi. Kwanza waliibua bonge la saruji na kipande cha bomba kilichokatwa ndani yake. Walipofika kina cha kifua mmoja wao akasimama, akavua kofia. Afisa afya akashuka na glavu. Kulikuwa na mifupa, si mingi, imegeuka rangi ya udongo, na katikati yake shanga nyekundu na nyeupe zilizotapakaa, uzi wake umekwisha kuoza siku nyingi.

Binti wa bibi akaketi kwenye tope na kanga yake safi. "Ni yeye," alisema. "Mama alituambia alizikwa na shanga zake za kiunoni." Akaanza kulia, kilio cha chini, cha mtu anayemlilia bibi ambaye hakuwahi kumfahamu.

Mabaki yaliwekwa kwenye sanda. Wanaume wakaanza kukusanya machepe. Hapo baba akaanza kuhangaika kwenye kiti. Alitoa sauti, akapiga fimbo, akaniinulia vidole viwili. Nilidhani anataka dawa zake, maana saa hizo humeza vidonge viwili. Nikamletea maji. Akayasukuma. Akainua tena vidole viwili, machozi yakimtoka upande mmoja wa uso, ule ulio hai.

Binti wa bibi alimtazama. Akainuka, akamsogelea, akachuchumaa mbele yake.

"Baba," alimwambia, "wako wawili?"

Akafumba macho mara moja.

"Wapi?"

Akaelekeza fimbo upande wa kushoto wa shimo, karibu kabisa.

Hawakuchimba sana. Kaburi lilikuwa dogo, urefu wa mkono wa mtu mzima na zaidi kidogo. Vilivyokuwamo vilienea kwenye viganja viwili vya afisa afya, naye alivipokea kwa namna ambayo sitaisahau, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Mtu mzima mmoja kati ya wale wa ukoo ndiye aliyeelewa. Alisema alipokuwa mdogo aliwahi kusikia kwamba bibi wa Kinole alifiwa na mtoto wa kwanza kabla ya kuhama, mtoto aliyeanza kutembea, akazikwa ubavuni kwa bibi yake. Binti wa bibi hakujua. Alikuwa amehesabiwa mzaliwa wa kwanza maisha yake yote.

"Mama hakuwahi kusema," alirudia. "Hata siku moja hakuwahi kusema."

Alikuwa amesema, lakini kwa baba, siku ile nilipotumwa kuwaita chakula. Kwa nini alimchagua mtu baki, mwendesha pampu wa kutoka Gairo, sijui. Huenda kwa sababu ndiye aliyekuwa akikaa nao mwaka mzima. Naye aliificha habari ile miaka yote, kwa mama na kwetu, na aliitoa siku ile tu kwa vile vidole viwili kwa sababu katapila lilikuwa linangoja.

Tuliwapeleka Kinole siku iliyofuata, sanda mbili, moja kubwa na moja ndogo. Ukoo wao una Waislamu na Wakristo, na hakuna aliyejua yule mama yake bibi wa Kinole alizikwa kwa dini gani. Basi sheikh akaomba dua, katekista akaomba naye, kisha kina mama wakasogea wakamwaga unga na kuongea Kiluguru, kirefu, bila haraka. Waliwazika kando ya kaburi la bibi wa Kinole. Yule mdogo walimweka katikati.

Bwawa limefukiwa. Nikipita naona ukuta, geti la buluu na malori yakipakia. Nyumba yetu ilibomolewa, na kijito kimepitishwa kwenye makalvati. Wanafunzi wangu wanaotoka mitaa ya pale hawajui kama paliwahi kuwa na maji. Niliwahi kuwauliza, mmoja akaniambia, "Mwalimu, pale si godauni?" Nikamwambia ndiyo, ni godauni.

Baba alifariki miezi minne baadaye, akiwa usingizini. Tulimpeleka Gairo kumzika kwao. Siku ya pili ya matanga, mchana, gari dogo la abiria lilisimama njia panda, wakateremka watu kumi na moja kutoka Kinole, na binti wa bibi akiwa mbele. Walikuwa wamesafiri tangu alfajiri. Walikuja na mchele, ndizi, mafuta. Wanawake hawakukaa wakasubiri kuhudumiwa. Waliwauliza shangazi zangu visima viko wapi, wakachukua ndoo, na waliporudi wakakaa jikoni kumenya karanga na kuosha masufuria, wakilia walipolia wenzao.

Baba mdogo, ndiye aliyekuwa akisimamia msiba, alinijia akanivuta pembeni.

"Hawa Waluguru ni nani kwetu? Niwaweke wapi?"

Nilianza kumweleza habari ya bwawa, nikaona amechoka na watu wanamwita. Nikamwambia awatandikie mkeka ndani, upande wa wafiwa.